Shuku Waya Kwanza

Habari za kifo chake nilizipata kwa simu, na kwa hivyo sikuziamini. Zililetwa na lile kundi letu la watu wa Nyeri mjini, kundi ambalo limewahi kumuua mwalimu mmoja mstaafu ambaye hadi leo hupita chini ya dirisha langu akienda kununua maziwa. Nikavaa koti, nikateremka hadi dukani kwake kujionea. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Hilo pekee lisingenitosha, kwani mzee huyo aliwahi kufunga duka kutwa nzima kwa kumshuku mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara bila kununua kitu. Lakini kwenye ngazi ya duka palikuwa na mfuko wa nduma, yaani magimbi, umefungwa kwa kamba ya katani kama kila Alhamisi, na hakuna aliyeuchukua. Hapo nikajua kwamba ni kweli. Mzee wetu wa redio hangeuacha mfuko ule nje hata kidogo, maana aliushuku kuliko vitu vyote mjini. Nikauokota, nikampelekea mkewe pamoja na pole zangu.

Wasomaji wangu wa miaka mingi watanisamehe nisipomtaja jina. Alikuwa Mhindi wa Nyeri, kwa maana kwamba Nyeri ndiko alikozaliwa na ndiko alikosoma, na Kigikuyu chake kilikuwa safi kiasi cha kuwafanya akina mama wa soko la Karatina wampunguzie bei kwa aibu. Duka lake liliuza redio, spika, amplifaya na nyaya za kila aina, na nyuma ya kaunta palikuwa na meza ya kurekebishia vilivyokufa. Hakuwa mpole. Ukiingia alikutazama mikono kwanza, kisha mfuko, kisha uso, na ukimsalimia aliuliza unataka nini kabla ya kuitikia. Mimi alinishuku zaidi ya wengine kwa sababu ya kazi hii. Nikichomoa kalamu, hata kama ni ya kujikunia sikio, alinyamaza papo hapo. "Wewe," aliniambia siku moja, "ukitaka kuniandika, ngoja nikufe. Hapo siwezi soma makosa yako." Basi nimengoja kama alivyotaka, na laiti ningeendelea kungoja.

Mimi mwenyewe si mtu wa kuamini upesi. Kazi ya magazeti hukufundisha kwamba anayekukaribisha chai ana jambo lake. Kwa hiyo tulielewana vizuri, tukiketi pale dukani kila mmoja ameegemea ukuta ili mwenzake asipite nyuma yake. Tofauti yetu ni kwamba kushuku kwake kulikuwa na utaratibu, kwangu hakukuwa nao. Mteja akileta redio iliyonyamaza, akaanza kusema ni mtoto aliyeichezea au ni jirani mwenye kijicho, mzee alimwinulia kidole. Shuku waya kwanza, alimwambia. Waya ikiwa nzima, shuku stima inayoingia. Stima ikiwa sawa, shuku kitu chenyewe. Watu ni wa mwisho kabisa. Nilimuuliza kwa nini watu wawe wa mwisho ilhali ndio wenye makosa mengi. Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomoza wapi. "Waya ukiishuku bure," akasema, "haikasiriki."

Miaka michache iliyopita alianza kuuza kitu kipya, na kama ilivyo desturi yake alianza kwa kukishuku. Ilikuwa kompyuta ndogo, ubao mmoja tu wenye ukubwa wa kitambulisho, usio na kioo wala vitufe. Unaupachika memori kadi iliyojaa nyimbo, unauunganisha na amplifaya na spika, unachomeka chaja yake ukutani, na muziki unaanza. Hauhitaji mtandao, na hilo ndilo lililomshinda akaupenda. Nyimbo za mtandao, alisema, ni za mwenye mtandao, na siku akikukasirikia atazibeba zote aende nazo. Binamu yangu, ambaye hununua na kuuza mbuzi na ng'ombe kule Doldol, alimnunulia mama yake mashine hiyo. Mama yake ni shangazi yangu wa Wamagana. Enzi zake shangazi aliongoza kundi la akina mama walioimba kwenye harusi na sherehe za Tetu nzima, na nyimbo zao zilikuwa zimebaki kwenye kanda kuukuu ndani ya mkebe wa biskuti. Mzee ndiye aliyezihamisha kutoka kwenye kanda hadi kwenye kadi, akizicheza polepole moja moja, kwani kanda kadhaa zilikatika zikicheza kwa mara ya mwisho. Wengi wa waimbaji wenyewe walikuwa wameshazikwa. Binamu aliipanga mashine ili mama asihangaike na simu wala nini: ukiwasha swichi ya ukutani, akina mama wanaanza kuimba.

Ilikaa vizuri kwa muda, kisha ikanyamaza. Binamu akarudi kutoka Doldol, akaweka nyimbo upya, ikaimba. Alipoondoka, ikafa tena. Ukawa ndio mtindo wake, akiwa nyumbani inaimba, akienda zake inakufa. Na nyumbani alibaki nani? Alibaki shangazi, na alibaki mke wa binamu, Mmaasai wa huko huko Doldol aliyeolewa kwetu, mwanamke mkimya ambaye Kigikuyu alikuwa bado anakitafuna kidogo kidogo. Msomaji umeshaanza kujumlisha, na sisi tulijumlisha hivyo hivyo. Ati hazipendi nyimbo zetu. Ati anazifuta ili mama mkwe achoke, nyumba iwe yake. Shangazi alimkataza kuigusa mashine, kisha akamkataza hata kuingia sebuleni, na bado ikafa, ndipo akasema basi mkwe huwa anaingia wakati yeye mwenye nyumba yuko shambani. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia kwa simu, na nikasikia kwamba analia. Wazee wa ukoo walikuwa wameitwa waje Jumamosi. Jambo lililowaleta lilikuwa moja tu, kama mke wa binamu arudishwe kwao au abaki, na kila mtu alijua kwamba akirudishwa, watoto wangebakizwa Wamagana.

Mimi niliitwa kwa kuwa ati najua kuchunguza. Nikamwendea mzee dukani nikamwomba tufuatane siku moja kabla ya wazee, ili atazame kadi na kuthibitisha kwamba nyimbo zilifutwa na mkono wa mtu. Nilishamaliza kuhukumu, sikuficha. Aliniuliza ninataka aseme nini kwa watu wale. Nikamjibu kwamba nataka ukweli. "Hapana," akasema huku akitia kompyuta yake ya mkononi kwenye mkoba. "Ukweli hukuja kuuliza. Wewe unataka jina ya mtu."

Tulimkuta shangazi kitini kwake, shuka magotini, na binamu amesimama karibu na dirisha akitazama migomba nje kana kwamba ameiona leo. Mkewe alikuwa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa ukabaki na upenyo wa kiganja. Chai ililetwa na mtoto, maana mama yake hakuruhusiwa kuvuka mlango. Mzee aliikataa chai kwa sasa, akapiga magoti mbele ya mashine. Ilikuwa na taa mbili ndogo. Nyekundu iliwaka, kuonyesha kwamba stima inafika, lakini ya kijani, inayopepesa mashine inaposoma kadi, ilikuwa tuli. Akabadilisha chaja, akisema kwamba chaja za simu ni dhaifu na nyingi ni za uongo. Kijani ikabaki tuli. Akabadilisha waya za spika, ingawa hata mimi niliona kwamba spika hazihusiki. Nilianza kuchoka. Nikamkumbusha kwamba kadi ndiyo yenye kesi, naye akanijibu kwamba kadi itafika zamu yake.

Ilipofika zamu yake aliichomoa, akaitia kwenye kompyuta yake, akaitazama kwa muda mrefu miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha akasema kwamba nyimbo hazikufutwa na mtu. Kadi ilikuwa imevunjika ndani kwa ndani, kama inavyotokea stima ikiondoka ghafla kabla mashine haijamaliza kuandika mambo yake. Wakati huo huo radi ikanguruma upande wa Nyandarua. Shangazi, bila kukatiza malalamiko aliyokuwa akiyasema, alinyanyuka akaufuata ukuta. Akazima swichi ya televisheni. Akazima ya mashine ya nyimbo. Akazima ya taa ya mezani, ya friji, na moja ambayo haikuwa na kitu chochote, kisha akarudi kitini kumalizia sentensi yake. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tulivyolelewa Tetu nzima. Radi ikilia unazima ukutani, ukienda sokoni unazima ukutani, ukienda kulala unazima ukutani, kwa kuogopa moto na kwa kuhurumia tokeni za stima. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nisingeweza kulala nikijua soketi moja imebaki wazi. Binamu akiwa nyumbani aliifunga mashine kwa simu yake kila jioni ikatulia taratibu, na mama alipokuja kuzima ukutani ilikuwa imeshalala. Akiwa Doldol, mama aliikata katikati ya neno.

Mzee aliitazama ile swichi. Ukuta kuizunguka ulikuwa na vumbi, swichi yenyewe iling'aa kwa kuguswa na kidole. Halafu akanitazama mimi, na nilipofungua mdomo akaniinulia kile kidole chake, nikaufunga. Alichofanya baadaye sikukitarajia. Alitoa kadi mpya na kuanza kuijaza nyimbo, kwa sababu alikuwa amebaki na nakala yake kwenye kompyuta ile tangu siku ya kanda, kwa kutomwamini mtu yeyote kati yetu. Akasema kwamba kwake zimechanganyika, hajui shosho, yaani bibi, kama alivyomwita shangazi, alizipenda kwa mpangilio gani. Shangazi akaanza kumtajia. Wa kwanza ni wa kumtoa bibi harusi nje, wa pili ni ule wa kupalilia, na wa tatu... akakwama. Akafikiri, akataja mwingine, akajikana mwenyewe. Umri umeenda. Mvua ikaanza kwenye mabati.

"Wa tatu ni ule mama moja anakohoa kwanza," sauti ikasema kwenye upenyo wa mlango wa jikoni. "Anakohoa kidogo, halafu wengine wanacheka, ndio wanaanza."

Mzee akautafuta ule wimbo, akaubonyeza. Kikohozi kikatoka kwenye kompyuta, kikavu, cha mwanamke kijana, kikafuatwa na vicheko. Shangazi alishika shavu. "Huyo ni mimi," akasema. Mzee akauliza wa nne, bila kugeuka, na mlango ukamjibu. Akauliza wa tano, mlango ukamjibu, na kutaja kwamba katika ule kuna mtoto analia nyuma. Mwanamke aliyekatazwa sebule alikuwa amezisikiliza nyimbo zile kupitia ukuta wa jikoni hadi akazijua kuliko mwenyewe. Shangazi alikaa akiutazama ule mlango. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kukaripia ambayo haikumdanganya mtu, "Na wewe unakaa huko kwa nini? Kuja hapa umwambie huyu mzee vizuri." Mke wa binamu akaja, mikono ingali na unga, akasimama karibu na kiti cha mama mkwe wake. Binamu alitoka nje kwenye mvua.

Hapo mzee akasimama kutoa hukumu, na ninyi mliomjua mkumbuke kwamba huyu ni mtu ambaye hakuwahi kukiri kuuza hata betri mbovu. Akafuta miwani. "Kosa ni yangu, shosho," akasema. "Kadi nilikuuzia ilikuwa mbaya. Hakuna mtu alifuta kitu hapa." Kisha akaipanga kadi mpya kwa namna yake ili mashine isome tu, isiandike chochote juu yake, na akampa shangazi mkononi aione. "Hii ingine hata ukizima kwa ukuta, haina shida." Akanywa chai yake iliyokuwa imepoa. Jumamosi wazee wa ukoo walifika wakala mbuzi, wakasikiliza nyimbo, wakaenda nyumbani bila kesi.

Njiani kurudi mjini sikuweza kujizuia. Nilimwambia kwamba amedanganya. Aliitazama barabara, akishuku, nadhani, lori lililokuwa mbele yetu. "Ningesema ni shosho," akanijibu, "huyo msichana angeishi na shosho mwenye aibu. Kadi mbaya unatupa. Shosho mwenye aibu utamweka wapi?" Akaniapisha nisiandike. Niliapa, na kiapo hicho kikawa kizito, maana shangazi alilipeleka jina la mzee hadi Karatina sokoni kwamba Mhindi yule huuza kadi mbovu, na watu wakaanza kurudisha kadi zisizo na kasoro. Alizipokea akinung'unika. Hakujitetea hata mara moja.

Ni wakati huo nduma zilipoanza. Kila Alhamisi makanga wa gari la Wamagana aliuteremsha mfuko mmoja kwenye ngazi ya duka na kuondoka, na akiulizwa alisema yeye hutumwa tu. Mzee hakulala usingizi mzuri. Nani anatuma nduma bila jina? Anataka nini? Alizipanga kwenye kaunta akazigeuza moja moja, akanusa, akazipasua katikati kutazama ndani. Aliniomba mimi, bingwa wa uchunguzi, nimtafutie mtu huyo. Mimi nilimshuku mfanyabiashara mwenzake aliyetaka kumrubuni auze duka. Nilimshuku pia mgombea mmoja wa uchaguzi. Hatukupata jibu, na mfuko ukaendelea kuja.

Tumezoea kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeishi katika miji hii ya mlimani nikiusikia msemo huo ukitumika kama hati ya mahakama. Sasa hivi tuna simu, na lisemwalo hufika Karatina kabla msemaji hajafunga mdomo. Siasa zikikaribia tunaanza kumtazama jirani mwenye jina la mbali kwa jicho la kando, na mke aliyetoka upande mwingine anasikia kicheko kikikatika akiingia. Siwaambii muache kushuku. Mtu asiyeshuku katika nchi hii ataamka hana hata godoro. Ninachosema ni kwamba tunaanzia upande usiofaa. Tunaanza na mtu, na tukimaliza kumvunja ndipo tunakumbuka kutazama soketi.

Mwili wa mzee ulichomwa moto kwa desturi za kwao, na nilipofika nilimkuta shangazi amesimama miongoni mwa waombolezaji, kiondo begani, mke wa binamu amemshika mkono. Niliona ajabu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemharibia jina. Hakuwa na mahali pa kutupa udongo, na ilimsumbua, alikuwa akitafuta kaburi kwa macho. Kisha akanivuta kando. "Ule mfuko wa juzi," akaniuliza, "ni nani aliokota?"

Nikamwambia ni mimi, na papo hapo nikajua nduma zilitoka wapi. "Mimi si mjinga," akasema. "Mtu ameniambia kadi ingine haina shida hata nikizima. Amejuaje nazima? Nilikuwa nimeshaharibu jina yake sokoni ndio nikakaa na hiyo maneno usiku moja, nikajua. Na huyu," akamwelekezea kidevu mke wa binamu, "alikuwa amejua siku ile ile ya kadi. Hajawahi niambia mpaka leo." Mke wa binamu aliangalia chini, akitabasamu kidogo. Kumbe siri niliyoilinda kwa kiapo ilikuwa inalindwa na nyumba nzima, kila mmoja akimfichia mwenzake. Shangazi akasema kwamba alitaka kwenda kumwomba msamaha, miguu ikamkatalia mlangoni kila mara, basi akawa anatuma nduma. Aliniruhusu niandike haya. Amezeeka, alisema, na aibu yake imezeeka pamoja naye. Lakini palikuwa na jambo moja alilotaka kulijua, na alilishikilia koti langu akiliuliza. "Alikula?"

Nilimwambia nilichoambiwa na mjane siku nilipompelekea ule mfuko. Alizichemsha mwenyewe kila Alhamisi. Hakumruhusu mtu yeyote wa nyumba yake kuonja kabla yake, kwa hofu kwamba huenda zimetiwa sumu. Alikata kipande, akatia chumvi, akala peke yake, akakaa akiitazama saa ya ukutani, na alipoona bado yu hai akawaambia nao wale. Shangazi alicheka hadi akalazimika kuuweka kiondo chini, kisha akalia hapo hapo, bila kuficha uso.

Huyo ndiye mzee tuliyempoteza. Alishuku kila kitu chini ya jua, na palipokuwa na hatari, iwe ya kadi mbovu au ya nduma ya mtu asiyemjua, alihakikisha inaanza na yeye. Jana radi ilipolia nilijikuta nimesimama ukutani, kidole juu ya swichi, nikiwa na mtu kichwani ambaye nimemshuku wiki nzima. Nikaketi chini nikaanza upya, na waya.